Mwalimu Kabla ya Meza

Ukitaja michezo mjini Meru, wengi hufikiria Kinoru, na wakifikiria Kinoru hufikiria uwanja. Uwanja huo ulifanyiwa ukarabati mkubwa Kenya ilipopewa nafasi ya kuandaa mashindano ya CHAN ya 2018. Septemba 2017 Shirikisho la Soka Afrika liliipokonya Kenya nafasi hiyo kwa kuwa maandalizi yalikuwa nyuma, na mechi zikachezwa Moroko. Uwanja umebaki, na ni mali ya maana kwa watu wa Meru. Hata hivyo mtazamo uliouzaa, kwamba mchezo huanza na kitu kinachojengwa au kununuliwa, umetuingia mno, hadi katika michezo isiyohitaji saruji hata mfuko mmoja. Chuo kinachoanzisha timu ya pool hufuata njia hiyo hiyo: kinatafuta pesa za meza, kinashonesha fulana, kisha mtu anauliza ni nani anayetamba mjini, naye anaitwa awe kocha. Naamini mpango huo umepinduliwa. Mwalimu apatikane kabla ya meza, na achaguliwe kwa kile anachoweza kubadilisha katika mchezo wa mtu mwingine. Idadi ya watu aliowafunga katika baa za mitaa ya Makutano na Kinoru ni habari ya pili.

Kwanza niseme kwa nini mwalimu anahitajika kabisa, maana wapo wanaoamini kwamba pool ni kipaji na mazoea tu. Chukua mipira ya milimita 51, ile ya meza nyingi za futi 7. Mpira mweupe ukiufikia mpira lengwa ukiwa umehama milimita 1 tu kutoka mahali ulipokusudiwa, mpira lengwa utaondoka ukiwa umepotoka kwa zaidi kidogo ya digrii 1, hata pale ambapo mpigo ulikuwa karibu unyooke kabisa. Ukisafiri mita 1 utakuwa umekengeuka kiasi cha sentimita 2, na mara nyingi hizo sentimita 2 zinatosha kuupeleka kwenye pembe ya shimo ukarudi. Pembe ikiwa kali, kosa linakuwa kubwa zaidi. Basi mchezo huu unaamuliwa na milimita, na milimita hizo hutoka kwenye mwili: bega linaloinuka kabla fimbo haijagusa mpira, kiwiko kinachotoka nje, mkono unaokaza fimbo dakika ya mwisho, kichwa kinachonyanyuka ili kuona kama mpira umeingia. Aliyeinama juu ya meza haoni hata kimoja kati ya hivyo. Kiwiko chake kiko nyuma yake. Anachokiona ni mpira kukosa shimo, na kwa kawaida atalaumu meza, au chaki, au pembe aliyoichagua, kisha atarekebisha kulenga kwake huku tatizo likiwa begani. Akifanya hivyo kwa mwaka mzima, anakuwa na makosa mawili yanayofichana. Jicho la pili, lililosimama mahali panapofaa, ndilo linaloweza kuyatenganisha.

Sasa tuangalie mahali ambapo bingwa wa mtaani amepatia ujuzi wake. Meza nyingi za pool nchini Kenya ni za sarafu. Unatumbukiza pesa, mipira inashuka, na kila mpira unaoingia shimoni unamezwa na meza hadi mchezo uishe. Haurudi mpaka ulipe tena. Aliyeshinda anabaki mezani, aliyeshindwa anampisha anayesubiri. Huo ni mtindo mzuri wa biashara na ni burudani safi, lakini tazama unavyomlea mchezaji. Hawezi kurudia mpigo alioukosa. Mpira ukiingia umekwenda, na ukikosa ni zamu ya mwingine. Katika maisha yake yote ya mchezo huenda hajawahi kuiweka mipira miwili mahali pale pale na kuipiga mara ishirini mfululizo, ilhali kazi ya kufundisha kwa sehemu kubwa ni kurudia. Zaidi ya hayo, akijaribu njia mpya akashindwa, anapoteza meza na pengine dau, hivyo anajifunza mapema kushikilia njia alizonazo. Ustadi wake ni wa kweli, tena wa kustahiwa: ana macho ya haraka, hatishiki mbele ya kelele, anajua kumbana mpinzani. Ila ni ustadi uliokua bila kufunguliwa na kuchunguzwa kipande kwa kipande, na mwanafunzi anahitaji vipande.

Kuna jambo jingine la kiufundi ambalo wasimamizi wa vyuo huwa hawalijui. Katika meza nyingi za sarafu za mtindo wa Kiingereza, mpira mweupe umefanywa mdogo kuliko wenzake, karibu milimita 48 dhidi ya 51, ili mashine iliyo chini ya meza iutambue na kuurudisha kwa mchezaji. Mpira mdogo ni mwepesi, na mpira mwepesi unaogonga mzito hurudi nyuma kwa urahisi na huchelewa kusonga mbele. Mtu aliyeuzoea amejenga hisia zake zote za kuupeleka mpira mweupe anakotaka juu ya tofauti hiyo. Mpeleke kwenye mashindano yanayotumia mipira ya ukubwa mmoja, na mpira wake mweupe utakuwa unapita mbele ya pale alipoutarajia. Mwalimu anayelijua hili atawaandaa wanafunzi kwa wiki kadhaa kabla ya safari. Asiyelijua atawaambia wana woga.

Utafiti nao una la kusema kuhusu pengo kati ya kuweza na kueleza. Mwaka 2001 wanasaikolojia Sian Beilock na Thomas Carr walichapisha matokeo ya majaribio waliyofanya kwa wachezaji wa gofu, mchezo ambao kwa habari ya kulenga haupo mbali sana na pool. Wachezaji wazoefu walieleza kwa kirefu jinsi mpigo unavyopaswa kupigwa kwa jumla. Walipotakiwa kueleza mpigo mmoja waliotoka kuupiga, kumbukumbu yao ilikuwa finyu kuliko ya wanagenzi, kwa kuwa mwili wao ulikuwa unafanya kazi bila kuripoti kwa akili. Hapo ndipo zinapotoka zile nasaha tunazozisikia kando ya kila meza: tulia, usipige kwa nguvu, angalia mpira. Si uongo, ila hazina mshiko, kwa sababu anayezitoa hajui yeye mwenyewe anafanya nini anapotulia. Mwaka uliofuata mtafiti Mark Williams na wenzake walipima macho ya wachezaji wa biliadi wakagundua kwamba wenye ustadi hukaza jicho mahali pamoja kwa muda mrefu zaidi kabla ya kupiga kuliko wasio nao, na kwamba mipigo iliyofaulu ilitanguliwa na utulivu mrefu zaidi wa macho. Sidhani kama kuna bingwa mmoja wa baa kati ya kumi anayeweza kukuambia macho yake hutua wapi na kwa muda gani. Lakini mwalimu aliyezoea kutazama ataona kwamba mwanafunzi fulani anarukaruka kwa macho hadi sekunde ya mwisho, na akimtuliza macho, huenda hatahitaji kumgusa mkono.

Historia ya mchezo inakubaliana na hilo. Steve Davis, bingwa wa dunia wa snuka mara sita kati ya 1981 na 1989, alifundishwa na baba yake, Bill, aliyekuwa akifuata kitabu cha bingwa wa zamani Joe Davis. Baadaye alijinoa kwa Frank Callan, mtu ambaye hakuwahi kuwa bingwa wa dunia. Kwa Callan huyo huyo alikwenda Doug Mountjoy wa Wales nyota yake ilipokuwa imefifia, na mwishoni mwa 1988, akiwa na miaka 46, Mountjoy alimshinda kijana Stephen Hendry kwa 16–12 katika fainali ya Ubingwa wa Uingereza. Upande wa pool, Marekani ilikuwa haijaishinda Ulaya katika Kombe la Mosconi tangu 2009. Ilimwajiri Mholanzi Johan Ruijsink, aliyewahi kuiongoza Ulaya. Mwaka wa kwanza, 2017, Marekani ilipigwa tena. Mwaka 2018 na 2019 ilishinda. Ruijsink hakuwa bingwa wa dunia, na wachezaji aliowakuta walikuwa na mikono bora kuliko yake. Alichowapa ni utaratibu wa mazoezi na jicho la nje. Na ule mwaka wa kwanza wa kushindwa usisahaulike, maana chuo kinachomfukuza kocha baada ya muhula mmoja kingemfukuza hata huyo.

Atatokea mtu aseme: mbona Efren Reyes hakufundishwa na yeyote? Hoja hii ina uzito. Mfilipino huyo, ambaye wengi wanamhesabu kuwa mchezaji mkubwa kuliko wote, alikulia katika ukumbi wa pool wa mjomba wake mjini Manila, akajifunza kwa kutazama na kucheza, na mwaka 1999 akawa bingwa wa dunia wa mipira tisa. Lakini tuhesabu alichokuwa nacho: meza mlangoni pake tangu utotoni, wapinzani wakali kila siku, na miaka isiyo na kikomo. Mwanafunzi wa diploma ana takriban miaka mitatu chuoni, ndani yake mna mitihani na kipindi cha mafunzo kazini, na wa digrii ana minne. Anayefika akiwa hajui kushika fimbo hawezi kungoja miaka kumi ili mwili wake ugundue wenyewe. Mwalimu ni njia ya kufupisha muda, na muda ndicho kitu ambacho chuo hakina. Tena tunamjua Reyes mmoja. Hatuwajui wale wote waliokulia katika kumbi kama ile wakaishia na kiwiko kilichopinda.

Pingamizi la pili ni la vijana wenyewe, nalo linahitaji jibu la haki. Watasema hawawezi kumheshimu kocha wanayeweza kumfunga. Nakubali nusu ya hilo. Mwalimu lazima awe na mpigo safi wa kuonyesha, aweze kuusimamisha mpira mweupe, kuurudisha na kuusogeza mbele anapotaka, kwa sababu maneno bila mfano hayafiki mbali mezani. Asiyeweza hayo asichukuliwe hata kama ana vyeti ukuta mzima. Ila kati ya kuwa na mpigo safi na kuwa bingwa wa mji kuna nafasi pana, na katika nafasi hiyo ndimo walimo walimu. Na bingwa wa mji asitupwe. Alipwe kuja mara moja kila wiki mbili acheze na wanafunzi kwa ukali wake wote, kwa sababu timu changa inahitaji sana kupigwa na mtu anayejua kupiga. Hiyo ni kazi ya heshima na anaijua. Kumbebesha kazi ya mwalimu ni kumwonea yeye na kuwapotezea vijana muhula.

Video za mtandaoni zinatajwa pia, nami nazipenda, lakini video inaonyesha mtu mwingine akifanya vizuri. Haikuoni wewe ukikosea. Simu hiyo hiyo ikigeuzwa na kumrekodi mwanafunzi kutoka nyuma inakuwa chombo bora, mradi awepo anayejua aangalie nini.

Jambo ambalo lingepaswa kumhangaisha kila afisa wa michezo kuliko ubingwa wa kocha ni hesabu ya nafasi mezani. Timu ya watu wanane, meza moja, mazoezi ya saa mbili: kila mmoja anapata dakika 15 za kupiga. Wakicheza michezo kamili wawili wawili, kama inavyofanyika karibu kila mahali, nusu ya muda wa kila mmoja mezani huishia kwa mchezaji kusimama akimtazama mpinzani. Hapo ndipo thamani ya mwalimu inapoonekana bila hata yeye kushika fimbo. Mwalimu wa kweli atawafanya wawili watumie ncha mbili za meza kwa mipigo mifupi. Mchezaji wa tatu atafanya mazoezi ya kunyoosha mpigo juu ya meza ya kawaida ya darasani, akipitisha fimbo kwenye shingo ya chupa tupu bila kuigusa. Wa nne atakuwa akirekodi na wa tano akihesabu mipigo iliyofaulu na kuiandika daftarini. Waliobaki watasoma kanuni, maana kila baa ina sheria zake za faulo na za mpira mweusi, na wengi hushindwa mashindanoni kwa kucheza sheria za nyumbani. Muulize anayetafuta kazi ya kufundisha: hawa saba watafanya nini huyu mmoja anapopiga? Akikosa jibu, hajawahi kufundisha kundi.

Hesabu ya pili ni ya miaka. Timu ya chuo hupoteza wachezaji wake bora kila mahafali. Kocha anayewategemea vijana watatu wenye vipaji ataibeba timu hadi siku watakapohitimu, na chuo kitaanza upya. Kwa hiyo mwalimu anayefaa huanza mapema kuwafanya wa mwaka wa pili wawatazame wa mwaka wa kwanza na kusema wanachokiona, naye anasahihisha kutazama kwao kama anavyosahihisha mipigo.

Atapatikana wapi mtu wa namna hii? Nadhani ni karibu kuliko tunavyofikiri, ila hatumwoni kwa kuwa tunatazama anayeshinda. Katika kila ukumbi kuna mmoja ambaye vijana humwendea baada ya kufungwa, anayewaeleza walipokosea bila kuwacheka. Wapo waliojifunzia snuka katika klabu za miji mikubwa, ambako meza ni ya futi 12 na kosa dogo la mpigo halina pa kujificha. Wapo pia walimu wa masomo mengine. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kule Nchiru na Politekniki ya Kitaifa ya Meru hufundisha uhandisi, na mhandisi anayecheza pool kwa kiwango cha wastani ana msingi wa kueleza kwa nini mpira mweupe ukigongana pembeni na mwingine wa uzito sawa huku hauviringiki huondoka kwa pembe mraba. Mfaransa Coriolis aliandika kitabu kizima cha hisabati ya biliadi mwaka 1835. Mchezo huu haujawahi kuwa mbali na darasa.

Wakipatikana watatu, wasihojiwe ofisini. Kila mmoja apewe wanafunzi wawili kwa dakika 40, mmoja asiyejua kitu na mmoja anayejiona anajua, na msimamizi akae kimya atazame. Kuna mambo yanayojitokeza haraka. Mwalimu huomba kwanza amwone mwanafunzi akipiga, mara kadhaa, kabla ya kusema lolote. Asiye mwalimu huichukua fimbo aonyeshe. Mwalimu huchagua kosa moja na kuyaacha mengine manne yaliyo wazi, kwa sababu anajua mwili haushiki maagizo matano. Na yule anayejiona anajua ndiye mtihani mgumu zaidi: je, anaguswa bila kudhalilishwa, akaondoka na kitu? Wiki moja baadaye wanafunzi waulizwe wanafanyia kazi jambo gani. Anayejibu kwa sentensi moja iliyo wazi alifundishwa. Mwenye bahati atampata pia mgombea ambaye, akiingia chumbani, anaitazama meza kabla ya watu: anaviringisha mpira polepole aone kama unakwenda upande, anabonyeza raba za kingo, anaulizia pimamaji. Huyo ndiye wa kushirikishwa katika kununua meza, na ndiyo sababu nasema apatikane kabla yake. Atawaepusha na ya sarafu, atataka mipira ya ukubwa mmoja, na ataikagua meza iliyotumika akawaambia kama bamba lake la jiwe limepasuka.

Limebaki suala la tabia, ambalo wakuu wa vyuo hulitanguliza, na hawakosei. Pool nchini mwetu imekaa na pombe, dau na, huku kwetu Meru na Embu, miraa na muguka. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 inawazuia walio chini ya miaka 18 kuingia mahali panaponywewa pombe, na katika vyuo vya kiufundi wapo wanaojiunga kabla ya umri huo. Timu haiwezi kufanya mazoezi baa hata kama mwenye baa ni mkarimu. Lakini hata wangekuwa wote watu wazima, ningepinga, kwa ajili ya wasichana. Chumba ambacho msichana anainama juu ya meza huku wanaume waliolewa wakimtazama kinamwondoa mchezoni kabla hajafunzwa chochote, na mchezo huu, usiohitaji nguvu wala urefu, ni mojawapo ya michezo michache ambamo wasichana na wavulana wanaweza kufundishwa pamoja kwa usawa kamili. Mwalimu husimama karibu na mwanafunzi, na wakati mwingine humshika mkono kumwelekeza. Basi chuo kidai cheti cha polisi cha tabia njema, kifanye mazoezi mlango ukiwa wazi na zaidi ya mwanafunzi mmoja ndani, na kieleze tangu mwanzo kwamba kugusa huombwa ruhusa. Anayecheza dau na wanafunzi wake aondoke siku hiyo hiyo, kwa kuwa anafaidika wanapokosea.

Na pesa? Tanzania, katika miaka ya 2010, bia ya Safari Lager ilidhamini mashindano ya pool ya vyuo vya elimu ya juu, na Uganda nako kampuni ya bia imekuwa nyuma ya ligi. Hilo linaonyesha kwamba pool ya vyuo inawezekana kabisa katika eneo letu. Wapinzani nao si wa kutafuta mbali: vyuo viko Kaaga, Nchiru, Chuka na Embu. Ila fedha za mdhamini wa bia hupenda siku ya fainali, mabango na vikombe, na chuo chenye wanafunzi wa umri mdogo kina sababu ya kusita. Malipo ya mwalimu kwa saa nne za wiki ni jambo ambalo bajeti ya michezo ya chuo inaweza kulibeba ikiahirisha fulana. Apewe mkataba wa mwaka mmoja, wenye tathmini kila mwisho wa muhula, na tathmini hiyo isianze na idadi ya mechi zilizoshindwa. Ianze na daftari la mazoezi: mchezaji wa nane wa timu, yule dhaifu kuliko wote, aliweza mipigo mingapi kati ya ishirini mwezi wa kwanza, na anaweza mingapi sasa.